Seti ya volkano ya watoto: ya nchi kavu sawa, ya baharini ni picha ya boksi tu

Nyota 2 kwa 5, na hiyo ya pili ni ya kijana wa dukani kwa adabu zake.

Mpwa wangu ana miaka 9, na tangu nyanyake wa upande wa babake, ambaye ni Mngazija, amhadithie mambo ya Maore (Mayotte, kile kisiwa cha Komoro kilicho chini ya Ufaransa) basi nyumba nzima ni volkano asubuhi na jioni. Nyanya ana jamaa zake kule, 2018 walikuwa wakilala nje wakiogopa nyumba zisiwaangukie, ardhi ilianza kutetemeka mwezi wa 5 ikawa haitulii, tetemeko moja likafika 5.8, na watu hawajui wamekosea nini. Mwaka mzima hivo. Mpaka Mei 2019 ndo meli ya utafiti ya Wafaransa, Marion Dufresne, ikakuta mlima mpya chini ya bahari, kama kilomita 50 mashariki ya kisiwa, umesimama kama mita 800 kutoka sakafuni, na walipopima pahali hapo hapo 2014 hakukuwa na mlima! Leo unaitwa Fani Maoré. Mtoto yeye anauita mdogo wake, maana kweli amezaliwa kabla yake.

Sasa mimi mjomba nikapita duka moja la vitu vya watoto hapa mjini, sitalitaja, nikaona boksi lina mlima unalipuka chini ya maji, pweza pembeni, samaki wamezunguka, shilingi 1,900. Nikauliza, hii ya baharini yafanya kazi? Kijana akasema yafanya bosi, imeandikwa hapo. Nikalipa.

Ya nchi kavu sina ubishi. Unga wa plasta wachanganya na maji, wamwaga kwenye kalibu, wasubiri ukauke. Boksi lasema masaa 24, lakini aliyeandika hajaishi Mombasa, na huu unyevu wetu ilituchukua siku tatu na feni juu. Baadaye povu jekundu lilitoka vizuri, watoto wa ploti wote wakaja kutizama, tukarudia mara nne.

Ya baharini sasa. Maelezo ni sentensi moja, eti zamisha mlima kwenye beseni kisha rudia hatua ya 6. Hatua ya 6 ni kutia unga shimoni halafu maji, na unga wenyewe ukigusa maji tu washatoa povu, kwa hivo uliishia juu ya beseni kabla hata haujafika kwenye shimo, maji yakawa kama ya kufulia na mlima ukaanza kumeguka chini. Mtoto akanitizama. "Mjomba, ya Maore haikuwa hivi."

Na yuko sawa, hilo ndo lililoniudhi zaidi ya hela. Pale chini ya ule mlima ni kina cha mita 3,500, uzito wa maji ni kama mara 350 ya hewa tunayobeba sisi hapa ufukoni, gesi haina nafasi ya kupasuka na kurusha vitu juu. Lava, yaani mwamba ulioyeyuka, yatoka polepole, ngozi yake inaganda papo hapo kwa baridi, ndani bado moto, yapasuka ubavuni na kutoa uvimbe mwingine, basi yajipanga kama mito ya kulalia. Moshi wake majini ulipanda kama kilomita 2 tu, juu haukufika, mvuvi angepita na ngalawa asione kitu. Hata ile Novemba 11, 2018, dunia ilipovuma zaidi ya dakika 20 na mashine za kupima matetemeko zikanasa mpaka hapa Kenya, nani alihisi? Ilikuwa Jumapili mchana, pengine nilikuwa nala wali.

Mwisho tukajitengenezea wenyewe. Dawa ya meno, mdomo wa tyubu ndani ya beseni la maji, minya polepole, inatoka vimito vimito vimelaliana. Alafu chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, jaza maji moto (mkubwa ndo ajaze) na rangi ya chakula, izamishe wazi kwenye maji ya baridi, ule wekundu wapanda juu wenyewe kama moshi. Mtoto akaridhika, nyanyake akaitwa aje aone, akasema mashallah akauliza dawa yake ya meno iko wapi.

Nilirudi dukani kuwaambia watoe ile picha ya pweza, kijana akaomba msamaha vizuri sana, hela hakurudisha. Kama mtoto wako ataka povu tu nunua, lakini kama ashasikia habari za Maore usijisumbue. Mlima wenyewe tunazuilia mlango wa jikoni usijibamize na upepo wa kusi.