Mbolea ya minyoo na huduma ya kufufua udongo, njia ya Mikindani: nimetumia, maoni yangu haya hapa

Wadau wa Mtwara na Lindi mnaopanda mboga kwenye ndoo, madumu ya kukata na viroba vya saruji, haya ni maoni yangu kuhusu mbolea ya minyoo, yaani ile inayobaki minyoo wa udongoni wakishakula samadi na mabaki ya mboga, na kazi ya kufufua udongo anayofanya mzee mmoja hapa Mtwara, njia ya kwenda Mikindani. Jina lake siliweki humu maana sikumuomba ruhusa, ila ukifika kwenye vibanda vya miche ukauliza mzee wa minyoo utaonyeshwa tu. Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike: inafaa, hela yako haipotei, na kama una ndoo nyingi nyumbani basi huduma ya kufufua udongo ndo ya kuikimbilia kabla hata ya mbolea yenyewe.

Anauza vitu viwili. Kuna mbolea ya minyoo anayokupimia kwa ndoo ndogo ya lita 10, mi nilinunua kwa elfu nane. Halafu kuna udongo. Unampelekea ule wako uliochoka, anauchekecha, anatoa mizizi, anauchanganyia vitu vyake na kuulaza kwenye kivuli wiki kadhaa, kisha unaufuata. Kama huwezi kusubiri unaacha wako unachukua uliokwisha kuwa tayari, unaongeza hela kidogo, unaondoka.

Kwa nini nasema hii kitu ni muhimu kwetu huku, angalia udongo wa Mtwara mjini ulivyo, Shangani, Ligula, Chuno, kote ni mchanga, ukimwagilia asubuhi mchana umekauka, na mbolea ya dukani ukiiweka inashuka na maji inapotea chini. Ndo maana watu tunanunua viroba vya udongo mweusi unaotolewa maporini, na huo nao ukishapanda nyanya msimu mmoja unabaki umeshuka nusu ndoo, umeshikana, maji yanapita pembeni hayaingii katikati. Hapo wengi wanaumwaga nyuma ya choo na kwenda kununua mwingine. Jamani ule udongo haujafa. Kilichopungua ni ile mboji iliyokuwa ndani, imeoza ikaisha ndo maana ujazo umeshuka, naitrojeni imeliwa na mmea, na kama unamwagilia maji ya kisima cha karibu na bahari basi na chumvi imejikusanya mle, utaiona ile nyeupe nyeupe kwenye ukingo wa ndoo. Chumvi unaisafisha kwa maji mengi ya mvua yapite mpaka yatoke chini, mboji unairudisha, basi, udongo umesimama tena.

Sasa kuna jambo watu wanaona aibu kulisema. Wanaoongoza kwa kuandika kwa undani habari za kutumia tena udongo wa kwenye vyungu ni wakulima wa bangi wa Marekani na Kanada. Kule majimbo ya Colorado na Washington walipiga kura kuihalalisha mwaka 2012, Kanada ikafuata nchi nzima mwaka 2018, na sheria za Colorado na Kanada zinamruhusu mtu kuwa na miche michache tu nyumbani, Colorado miche 6 kwa mtu mzima, Kanada miche 4 kwa nyumba, ingawa jimbo la Quebec walikataza ya nyumbani. Sasa mtu mwenye miche minne ndani ya chumba na udongo alionunua kwa bei ya kuumiza lazima atafute namna ya kuutumia miaka na miaka bila kuutupa, wakafika mahali wanauita udongo hai, hawaulimi, wanavuna wanakata shina, mizizi inaozea mlemle, wanaweka mbolea ya minyoo juu na matandazo, wanapanda tena. Kwetu bangi ni marufuku, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imekataza kulima, kumiliki na kuuza, kwa hiyo hapa naongelea nyanya, pilipili, mchicha na bamia, naomba tuelewane. Ila udongo ni udongo, nyanya nayo inakula sana, na mbinu ile inaifaa vilevile.

Mapishi yao yanayojulikana ni theluthi moja peat, yaani mabaki ya kuvumwani yanayochimbwa kwenye vinamasi vya nchi za baridi, theluthi nyingine kitu cha kupitisha hewa, na theluthi ya mwisho mboji au mbolea ya minyoo. Halafu wanaongeza kwa viganja unga wa mwani wa baharini, mashudu ya mwarobaini, unga wa maganda ya kaa na kamba, na vumbi la mawe. Vyote hivyo wananunua kwenye mifuko, mwarobaini wenyewe unatoka India. Sasa we mtu wa Mtwara au Lindi isome tena hiyo orodha taratibu. Mwarobaini uko kila uwanja. Mwani unalimwa pwani yetu hii hii, japo wa kwetu ni jamii tofauti na ule wa bahari za baridi wanaoutumia wao. Maganda ya kamba yanatupwa feri kila siku. Na badala ya peat tuna makumbi ya nazi, ukiyaloweka na kuyatwanga ule unga wake unashika maji vizuri tu.

Hapo ndo nilipomheshimu huyu mzee, maana ndo anachofanya. Nilimkuta anachekecha, nikamwambia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, karibu uone, akanionyesha lundo moja moja bila kuficha chochote, watu wengi wa biashara hawafanyi hivyo. Unga wa makumbi ameuosha kutoa chumvi. Hewa anaiweka kwa chenga za mkaa na makapi ya mpunga. Mwani anauchukua ule uliotupwa na maji ufukweni, anaulaza kwenye maji baridi na kumwaga yale maji mara kadhaa, anaukausha, anautwanga. Maganda ya kamba anayachoma na jua mpaka yanavunjika mkononi ndo anayasaga, na akanieleza kwamba vijidudu vya udongoni vinavyokula yale maganda ndo hivyo hivyo vinavyokula mayai ya minyoo fundo, wale waharibifu wadogo wanaoingia kwenye mizizi na kuiacha na vinundu, jambo ambalo ni kweli, kwa sababu maganda ya kamba na mayai ya minyoo fundo yote yana kaitini, ile kitu ngumu ya kwenye ganda. Majani ya mkorosho yaliyopigwa salfa msimu wa dawa hayataki kabisa kwenye lundo lake, anasema salfa ikizidi udongo unakuwa mchachu, na hapo pia yuko sawa.

Tuje kwenye mbolea yenyewe. Niliifungua palepale kabla ya kulipa na nawashauri mfanye hivyo hivyo popote mnaponunua. Ilikuwa nyeusi ya kahawia, chembe chembe ndogo kama unga wa kahawa uliosagwa kwa mkono, ukiishika inaacha unyevu kwenye kiganja bila kudondosha tone, ukiikamata ngumi inashikana na ukiigusa kwa kidole inavunjika. Harufu ni ile ya ardhi ikipigwa na mvua ya kwanza. Haina harufu ya kinyesi, haina ukali wa kupanda puani, na ukiona ina ukali ule ujue ni samadi bado inaoza na wamekuuzia jina. Nilikutana na hiyo kwa muuzaji mwingine huko mjini, kiroba kimeandikwa mbolea ya minyoo, ndani samadi ya ng'ombe yenye majani mazima, miche ya pilipili iliungua ncha zote za majani. Kwenye ya mzee nikaona hata vifuko vya mayai ya minyoo, vidogo vya njano iliyokolea, vimechongoka upande mmoja, hiyo ni dalili kwamba minyoo ilikuwa inaishi humo kweli.

Na matokeo nimeyaona. Mchicha ulikuwa wa kwanza kubadilika, majani mapana, kijani kimekolea, na nilivuna kwa kukata ukachipua tena vizuri. Pilipili mbuzi zilichelewa lakini zilipoanza kubeba hazikuacha. Ila kilichonifurahisha kuliko vyote ni maji, ndoo niliyokuwa naimwagilia asubuhi na jioni sasa naimwagilia mara moja, na kwa mtu anayenunua maji ya dumu hiyo ni hela unaiona. Sababu ni kwamba zile chembe zimeshikamanishwa na ute wa mnyoo na zina mboji iliyokwisha kuoza sawasawa, zinashika maji na zinashika virutubisho visishuke na kila unapomwagilia.

Lakini msiende kuijaza ndoo nzima mbolea ya minyoo mkidhani nyingi ndo nzuri. Sehemu moja ya mbolea kwa sehemu tano mpaka tisa za udongo inatosha, ukizidisha sana inakaa maji maji, mizizi inakosa hewa na mche unadumaa. Kwa ndoo ya lita 20 weka lita mbili mpaka tatu, changanya, halafu kila mwezi rudishia kiganja kimoja au viwili juu ya udongo, funika na matandazo ya majani makavu. Na usitegemee itafanya kazi ya urea kwa siku tatu, naitrojeni yake ni kidogo, mara nyingi asilimia 1 mpaka 2, nguvu yake ni kutoa taratibu na kuuweka udongo sawa.

Kitu kingine nilichopenda, mzee anakataa udongo. Kweli anakataa hela. Alikuja mtu na viroba vya udongo wa nyanya zilizonyauka ghafla zikiwa bado kijani, akamuuliza kama alikata shina, jamaa hakuwa na habari. Akamwelekeza akakate shina moja karibu na ardhi, alining'inize ncha iguse maji kwenye glasi safi asubiri dakika chache, zikishuka nyuzi nyeupe kama... yaani ute mweupe unatiririka chini, hiyo ni mnyauko wa bakteria na ule udongo usipandwe tena nyanya, bilinganya, pilipili wala ngogwe maana wote ni ukoo mmoja na bakteria wale wanakaa udongoni muda mrefu. Kwa mizizi yenye vinundu, yaani minyoo fundo, anaupokea ila kwa masharti, anauloanisha, anautandaza mwembamba, anaufunika na nailoni nyeupe inayopitisha mwanga kwa wiki nne mpaka sita za jua kali, na baada ya hapo ndo anaingiza mboji na mbolea ya minyoo, maana ukiweka kabla lile joto linaua na vile viumbe vizuri uliovinunua. Tena anapendekeza ukirudi nyumbani upande kwanza kunde kwenye udongo uliofufuliwa, zinaongeza naitrojeni na unapata kisamvu cha kunde juu yake.

Malalamiko yapo. La kwanza, anafunga kwenye mifuko ya nailoni isiyopumua, ukiicheleweshea kwenye bajaji mchana inatoka jasho na kuanza kunuka, mimi sasa naenda na kiroba changu cha kusukwa. La pili, mbegu. Lundo la minyoo halipati moto kama mboji ya kawaida kwa hiyo mbegu hazifi, kwenye ndoo zangu zimeota nyanya, mapapai na matikiti ambayo sikuyapanda, siyo shida kubwa lakini kazi ya kung'oa ipo. La tatu vipande vya plastiki vidogo, hapo namuomba abadilishe chekeche, hiyo ya sasa ina matundu makubwa.

Minyoo hai pia anauza kwa mwenye kutaka kufuga. Hapo uulize aina. Ile myekundu ya nchi za baridi inapenda joto la kati ya nyuzi 15 na 25, kwa Mtwara ya mwezi wa 11 na wa 12 utaizika tu, yeye anafuga ile mikubwa ya asili ya Afrika Magharibi inayovumilia joto letu, ila nayo ikipita nyuzi 35 inakufa, kwa hiyo chini ya mwembe, gunia lililolowa juu, basi. Maganda ya ndizi, mabaki ya mchicha na samadi ya ng'ombe iliyopoa inakula vizuri. Ndimu, samaki, vyenye chumvi na mabibo usiweke, mabibo yanachacha haraka na lundo linakuwa kama pombe. Miguu ya meza ya kreti itumbukize kwenye makopo ya maji, sisimizi wakiingia hutakuta kitu, na kuku wasikaribie kabisa.

Kwa anayetaka kwenda, mzee anakuwepo kuanzia asubuhi mpaka kama saa 5, halafu jioni tena jua likipoa, Ijumaa mchana anafunga. Wa Lindi mnaweza kuagiza akawafungia kwenye basi, mbolea tu, udongo hasafirishi. Na kama mnataka udongo uliofufuliwa kwa ajili ya miche ya masika wekeni oda mapema mwezi wa 10, mvua zikianza kunusa mwezi wa 11 huwa hakuna kitu, unaambiwa usubiri lundo linalofuata.