Kiunganishi cha modeli ya data: kabla ya kulipa, kipime kwa seli tupu

Kiunganishi ni programu inayotoa data kwenye modeli, yaani data ya kampuni pamoja na fomula zake, na kuipeleka kwenye ripoti. Mwaka mzima nililipia kimoja kilichogeuza kila seli tupu kuwa sifuri. Chukua siku tatu: ya kwanza mauzo 100, ya pili hakuna rekodi, ya tatu 200. Modeli inatoa wastani wa 150. Ripoti yangu ilitoa 100. Wakubwa waliiamini ripoti, maana ilikuwa na rangi.

Ndiyo maana kasi na idadi ya vyanzo sivigusi hapa. Vimejaa kwenye matangazo. Nauliza moja tu: kisichokuwepo kinafika kikiwa hakipo?

Namba moja kwangu ni SSIS, zana ya Microsoft ya kuhamisha data, pamoja na MSOLAP, kiendeshi chake cha kuongea na modeli, na sifichi kwamba napendelea upande wa Microsoft pale modeli yenyewe inapokuwa ya SSAS, programu yao ya modeli za data. Tupu inabaki tupu. Lugha za kuiuliza modeli ni mbili; andika swali kwa DAX badala ya MDX, kwa sababu majibu ya MDX yakinyooshwa kuwa safu na mistari, vipimo (hesabu kama jumla ya mauzo) huja bila aina maalumu na SSIS huvichukua kama maandishi. Hapo 10 inapangwa kabla ya 9, na utahangaika kuvibadilisha kimoja kimoja. Kero ya DAX ni majina ya safu, yanakuja na mabano yake, Mauzo[Mwezi], kwa hiyo yape majina mapya mapema.

Ya pili, viendeshi vya CData, kwa wenye zana za Java au ODBC (njia ya kawaida ya programu kuunganishwa na hifadhidata). Unaandika SQL ya kawaida juu ya modeli. Ila lazima SSAS ifunguliwe kwa HTTP, yaani IIS (seva ya wavuti ya Microsoft) na msmdpump.dll (faili linalopitisha maombi hadi SSAS), kazi ambayo haimo kwenye bei. Jaribu zile siku tatu kabla leseni ya majaribio haijaisha.

Wasio na bajeti: Pentaho, zana nyingine ya kuhamisha data, ina hatua ya OLAP Input, nayo hupitia XMLA (njia ya kuiuliza modeli kwa ujumbe wa XML). Inafanya kazi.

Sasa wauzaji. Ukiuliza kama wanaunganisha na modeli, jibu ni "ndiyo, tunaunganisha na SQL Server". Hilo ni ghala lililo chini ya modeli! Fomula za vipimo haziko huko, utaziandika upya mwenyewe. Ukiuliza bei, unaambiwa ujaze fomu kwanza. Mimi nilijaza, nikapigiwa simu nne, na hakuna hata mmoja aliyejua seli tupu ni nini.