Midahalo ya urais Kenya: inamsaidia vipi mpiga kura ambaye hajaamua?

Midahalo ya urais nchini Kenya ni huduma kwa umma, na anayestahili kuipima ni mpiga kura ambaye hajaamua. Mfuasi sugu huitazama ili kumshangilia mtu wake. Yule anayesitasita huitazama kwa sababu kwenye mikutano ya hadhara kila mgombea hujichagulia la kusema, na hakuna wa kumuuliza mara ya pili.

Kwa kipimo hicho, mdahalo wa kwanza wa Februari 11, 2013, uliofanyika katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi, haujapata mfano. Wagombea wote wanane walisimama jukwaani, wakiwemo Mohamed Abduba Dida na Paul Muite ambao nusura waachwe nje. Ilipofika zamu ya kesi zilizomkabili Uhuru Kenyatta katika Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC) iliyoko The Hague, kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, Kenyatta alizieleza kuwa changamoto yake binafsi, naye Raila Odinga akasema kwamba itakuwa vigumu kuendesha serikali kupitia Skype kutoka The Hague. Kauli hiyo ndiyo iliyovuma, lakini kwa maoni yangu faida kubwa zaidi ilikuwa kuwaona wapinzani wawili wakilikabili suala zito ana kwa ana, kila mmoja akijua kwamba mwenzake yupo hapo na anaweza kumkosoa papo hapo. Asiyeamua hupima hapo hasa: nani anajibu alichoulizwa, nani anazungukazunguka, nani anapandwa na hasira. Ufasaha wa maneno humfurahisha, ila haumtoshi. Dida aliwachangamsha sana watazamaji, lakini siku ya kura hakufikisha hata asilimia 1.

Baada ya hapo ubora wa huduma hii umeshuka, na lawama nawatupia wagombea wenyewe. Mwaka 2017 Kenyatta hakufika, Odinga akahojiwa peke yake. Mwaka 2022 Odinga naye akasusia, akabaki William Ruto. Wanahabari Eric Latiff na Yvonne Okwara walimbana Ruto kwa maswali magumu, na kazi yao naiheshimu, lakini mahojiano ya mtu mmoja hayampi mtazamaji wa kumlinganisha naye. Ndiyo maana naona uchaguzi ule ulipata mdahalo wa kweli Julai 19, Martha Karua na Rigathi Gachagua, wagombea wenza wa Odinga na Ruto, walipokutana na kuulizana kuhusu uadilifu na rekodi zao bila pa kujificha.

Dosari nyingine ni lugha. Maswali huulizwa zaidi kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Wagombea wanaoomba kura kwa Kiswahili Mombasa, Nakuru na Kakamega wanaweza pia kuhojiwa kwa Kiswahili, na waandaaji wanapaswa kutenga angalau mdahalo mmoja mzima kwa lugha hiyo.