Yamaha P-45 kwa mpigaji aliyeteguka kidole

Niliumia kidole cha pete cha mkono wa kulia, mlango wa gari ulikibana kikavimba hadi kukunja kikawa hakikunji. Daktari akasema mfupa ni mzima, kimeteguka tu. Kifungwe kwa plasta pamoja na cha kati, kikianza kupoa nikizoeze taratibu, na nikisikia maumivu makali niache siku hiyo hiyo. Mimi hupigia kwaya kinanda kanisani hapa Moshi, na cha kanisani ni vile vya vibonye laini vinavyobonyea kama swichi ya taa. Wanakwaya wakanishauri nibaki nacho hicho mpaka nipone. Sikukubaliana nao. Nikanunua P-45, kinanda cha umeme cha Yamaha, iliyokwisha kutumika, kwa ndugu mmoja, nikaiweka chumbani, na ndiyo niliyofanyia mazoezi kipindi chote cha kupona.

Kinanda hiki kilitoka mwaka 2015. Kina vibonye 88 vyenye nyundo ndani, vizito upande wa besi na vyepesi zaidi kadiri unavyopanda juu. Kwangu faida kubwa ilikuwa hapo. Zoezi la kidole cha nne, yaani hicho cha pete ukihesabu kutoka gumba, sikulianzia katikati, nililipeleka oktava mbili juu ambako kibonye hakidai nguvu nyingi, kidole kilipozoea nikawa nashuka nacho pole pole. Kwenye vibonye laini huna ngazi hiyo. Vyote ni sawa, na huwezi kujua kidole kimepata nguvu au bado.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hulielewa kombo. Kuna mipangilio minne ya mguso: mgumu, wa kati, laini, na ule usiojali umebonyeza kwa nguvu gani. Watu hudhani ukiweka laini vibonye vinapungua uzito. Havipungui hata chembe. Kinachobadilika ni sauti tu: ukigusa kidogo inatoka kubwa. Kwa mtu anayeuguza kidole hilo ni zuri mwanzoni, kwa sababu kidole dhaifu kinasikika sawa na wenzake na hushawishiki kukikandamiza. Lakini usikae humo. Uvimbe ulipokwisha nikarudisha mguso wa kati, nikapiga skeli ya C kwa vidole vitano, na ukweli ukajianika: do, re, mi zinatoka safi, fa inamezwa, sol inarudi juu. Kidole cha nne kilikuwa bado kinategea, na ule mguso laini ulikuwa unakifichia siri.

Kilichonibeba kwenye nyimbo zenyewe ni kuhamisha ufunguo. Vidole viwili vilivyofungwa pamoja havipenyi katikati ya vibonye vyeusi, jaribu uone. P-45 inapandisha au kushusha sauti ya vibonye vyote hadi nusu toni sita (nusu toni ni hatua ya kibonye kimoja hadi cha jirani, vyeusi vikihesabiwa), kwa hiyo wimbo wa E-flati niliupiga kwenye C, juu ya vibonye vyeupe vitupu, na kwaya ikaimba palepale ilipozoea. Mkono wa kushoto ukashika besi na tenor, kulia nikapiga soprano peke yake kwa kidole gumba na cha shahada. Alto niliwaachia wenyewe, wana midomo.

Upande wa pili, hakina skrini. Karibu kila kitu kinafanywa kwa kushikilia kitufe kimoja huku ukibonyeza kibonye fulani, na usipokuwa na kijitabu chake karibu utabahatisha mpaka uchoke. Hakirekodi, jambo linalouma kwa mtu anayetaka kulinganisha alivyopiga wiki iliyopita na leo. Mimi nilitumia simu. Hakitumii betri, umeme ukikatika mazoezi yamekwisha. Spika zake mbili za wati 6 kila moja zinatosha chumba, kwa kanisa lazima uunganishe na mfumo wa sauti. Uzito wake ni kilo 11.5, na kwa aliyeumia mkono nashauri atafute kijana wa kumbebea. Mwaka 2023 Yamaha walitoa P-145 kushika nafasi yake, ila P-45 iliyotumika bado ninaona ni chaguo zuri kwa mpigaji wa kanisani aliyepanga chumba na ana majirani, maana unaweza kupiga saa nne usiku kwa hedifoni na asijue mtu.

Ukienda kukagua, beba hedifoni zako na kile kichwa cha kubadilishia pini, kwani tundu lake ni lile kubwa la milimita 6.3, pini ya simu haiingii hivi hivi. Piga vibonye vyote 88 kimoja kimoja, polepole halafu kwa nguvu, usikie kama kuna kinachopayuka kuliko jirani zake. Na adapta uione kwa macho, ikiwa imechomekwa, kabla hujatoa hela.