Mafunzo ya ajaili na kaizen ya siku mbili pale Kilimani: siku ya kwanza inalipa, ya pili jipange

Watu kadhaa wameniuliza kama haya mafunzo yanafaa pesa yake so wacha nijibu mara moja. Ajaili ni kufanya kazi kwa vipande vidogo huku ukirekebisha njiani, kaizen ni kuboresha kazi kidogo kidogo bila kuacha. Sisi ni duka la kuchapisha huku chini River Road, kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango, na programu za mazishi ambazo huwa zinaingia jioni zikitakiwa kesho asubuhi kabla watu wapande gari waende ushago. Bosi alitulipia elfu 18 kila mtu, tukaenda wanne: yeye, mimi wa kaunta, mtu wa dizaini na kijana wa gilotini, ile mashine ya kukata karatasi. Huyo kijana nusura aachwe ati haya ni mambo ya ofisi. Nawaambia mkienda bila mtu anayeshika kazi kwa mikono mmetupa pesa, soma utaona.

Siku ya kwanza iko juu sana. Mwalimu hakuanza na projekta, alimwaga sarafu 20 za shilingi tano mezani, akatuketisha kwa mstari, kazi yako ni kugeuza kila sarafu kwa mkono mmoja halafu unampitishia jirani. Raundi ya kwanza unageuza zote ndio upitishe. Halafu tano tano. Halafu moja moja. Ile ya kwanza mtu wa mwisho alikaa zaidi ya dakika bila kuona sarafu hata moja, na tulipopitisha moja moja ya kwanza ilimfikia kwa sekunde chache, na zote zikaisha kwa nusu dakika hivi, na hakuna mtu aliyeongeza kasi ya mkono. Kijana wa gilotini ndiye aliyeuliza kwa sauti, "Kwani hizo zingine zilikuwa zinalala tu hapo kwa meza?" Ndio hivyo. Zilikuwa zinalala, na kazi za wateja wetu zimekuwa zikilala hivyo miaka yote huku kila mtu akijiona ako bize.

Baada ya hapo hesabu ikaingia bila shida. Kuna kanuni mtafiti Mmarekani John Little aliithibitisha 1961, kwamba kwa wastani muda kazi inakaa kwenu ni idadi ya kazi mlizonazo mkononi gawanya kwa zile mnamaliza kwa siku. Ukiwa na kazi 30 zimeanzwa na mnamaliza 6 kwa siku, mteja anangoja siku 5, hata umfokee fundi namna gani. So dawa si kuanza kazi nyingi mapema, ni kukataa kuanza mpya mpaka ya zamani itoke. Ukishaiona huwezi tena kuacha kuiona.

Ubao wa kanban, ule wa kuonyesha kila kazi imefika wapi, nao walitufanyia kwa kazi zetu halisi, hapo nawapa heko. Walieleza vile Taiichi Ohno wa Toyota alivyochukua wazo kutoka kwa supamaketi za Marekani, rafu inajazwa mteja akishachukua, si kabla, na kazi nayo hivyo hivyo, mpya inaanzwa nafasi ikitokea. Tukaandika kila oda kwa karatasi ya kunata: imeingia, dizaini, inangoja mteja, mashine, kukata, tayari. Bosi alikuwa anaamini tunachelewa kwa sababu ya gilotini na alikuwa anataka kununua ingine. Karatasi zikajaana pale "inangoja mteja", gilotini haina kitu! Shida ni programu za mazishi, unatuma pruufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, kwa grupu ya WhatsApp ya kamati, huyu anasema jina la mjukuu limesahaulika, shangazi anataka picha ingine, na kila mmoja anadhani yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Siku hizi kabla dizaini ianze tunaomba familia ichague mtu mmoja tu wa kukubali pruufu na orodha ya majina ije imeandikwa, na mtu wa dizaini hashiki zaidi ya kazi tatu kwa wakati mmoja. Familia iliyofiwa haifai kuwa inapiga simu usiku kuuliza karatasi ziko wapi, hiyo peke yake kwangu imelipa ile elfu 18.

Na ile kamba ya Toyota ambayo mfanyakazi anavuta akiona kasoro, kijana wetu aliipenda sana. Akiona rangi imehama anasimamisha mashine kabla rimu nzima iharibike na hakuna wa kumgombeza, bosi alikubali mbele yetu sote.

Sasa siku ya pili. Ni skramu tupu, yaani ile njia ya ajaili ya kupanga kazi ya timu kwa sprinti (vipindi vifupi, hapa vya wiki mbili), majukumu ya kila mtu, hadithi za mtumiaji (sentensi fupi za kile mtumiaji anataka), na historia ya wale watu 17 waliokutana Utah 2001 wakaandika ilani ya ajaili, yaani tamko la misingi yake. Ni vitu vya maana ila vimeshonwa kwa watu wa kuandika programu za kompyuta, oda ya mazishi haingoji sprinti. Slaidi zote Kiingereza na zilisomwa haraka, kijana wa gilotini akanyamaza kutoka saa nne mpaka chakula, na mwalimu hakumwona. Hilo liliniuma, kwa sababu jana yake ndiye aliyekuwa anauliza maswali mazuri kuliko sisi sote. Tulichobeba hapo ni kikao cha dakika 15 asubuhi mmesimama mbele ya ubao, na kile cha Ijumaa cha kuchagua kitu kimoja tu cha kurekebisha wiki ijayo.

Chakula kizuri, cheti wanatoa.

Nyota 4 kwa 5. Ulizeni kama watawauzia siku ya kwanza peke yake, bebeni orodha ya kazi zenu za wiki hiyo vile zilivyo, na mwombeni mwalimu aongee Kiswahili tangu mwanzo, anaongea vizuri tu akiombwa. Kama timu yenu inatengeneza apu, hiyo siku ya pili pengine ndio mtaipenda zaidi.