Seti ya Kutengenezea Mvinyo Nyumbani: Ipi kwa Mwekundu, Ipi kwa Mweupe

Kabla ya kutoa pesa, soma boksi. Kuna seti yenye vyombo, na kuna seti ya malighafi tu: mfuko wa juisi ya zabibu, hamira na pakiti za kung'arisha mvinyo. Wengi huchukua ya pili wakidhani ndoo imo ndani. Haimo.

Kisha tafuta lita za juisi. Seti za kawaida hutoa lita 23 za mvinyo, yaani chupa 30 hivi, lakini moja ina lita 6 za juisi iliyokolezwa na nyingine 16. Zinazobaki unajaza maji. Bei hufuata hapo. Ila lita nyingi hazina faida ileile kwa kila mvinyo, ndiyo maana nimezipanga kwa nafasi, za mweupe peke yake na za mwekundu peke yake.

Mweupe

Ya kwanza ni seti ya kati, ya lita 10 hadi 12. Mvinyo mweupe huchachushwa bila maganda ya zabibu, kwa hiyo juisi ya mfukoni haijakosa kitu kikubwa. Ya pili ni seti ndogo inayotoa lita 4.5 za mvinyo, chupa sita, kwa anayejaribu tu. Ya lita 6 inanyweka ikiwa baridi sana. Ya ghali kabisa ni nzuri, lakini kwa mweupe tofauti yake haifikii tofauti ya bei.

Mwekundu

Hapa usibanie. Rangi na ule ukakasi wa tanini hutoka kwenye maganda, basi seti yenye mfuko wa maganda inaongoza na haina mshindani. Ina usumbufu wake: maganda hupanda juu, nawe huna budi kuyazamisha kila siku. Ndoo iwe ya lita 30, la sivyo povu litamwagika, na doa la mvinyo mwekundu sakafuni si la kufutika upesi. Ya pili ni ya lita 16 isiyo na maganda, ikiwa na vipande vya mwaloni. Ya mkiani ni ile ya lita 6. Hutoa kinywaji chembamba. Kwa pesa hiyo, tengeneza mweupe.

Zile "wiki nne" za kwenye boksi ni za kufikia kutia chupani. Mweupe mwepesi hunyweka mapema, lakini mwekundu mzito hudai miezi sita, hata mwaka.

Seti ya vyombo isiyo na haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa mvinyo ukilinganishwa na maji (1.000), mimi naishusha nafasi moja. Kipimo huanza karibu 1.080 hadi 1.100 na kushuka chini ya 1.000, kikisimama palepale siku mbili tatu, uchachushaji umekwisha. Ukitia chupani kabla ya hapo, vizibo vinaweza kuruka.

Tazama pia tarehe. Juisi iliyokaa sana hugeuka kahawia, na mweupe ndio huonyesha kwanza. Hamira nayo huzeeka, ila hiyo unaweza kuinunua peke yake, kwa bei ndogo.