Madigadi ya baiskeli kwa njia za tope Mtwara na Lindi: ipi ununue, ipi uiache

Kabla hujauliza bei ya madigadi, chuchumaa pembeni ya baiskeli yako upime nafasi. Tairi la mauntini la 26 kwa 1.95 lina upana wa karibu milimita 50. Madigadi nzuri inalizidi kwa sentimita moja hivi kila upande, na inakaa juu ya meno ya tairi kwa milimita 20 au zaidi, yaani upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Ikikosa nafasi hiyo, hata iwe ya chuma kinachong'aa, tope litaijaza na gurudumu litagoma.

Huku kwetu nafasi ina uzito zaidi kwa sababu udongo haufanani. Juu kwenye uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, sehemu kubwa ni udongo mwekundu wenye mchanga. Unaruka sana ila haugandi. Ukishuka mabondeni na kwenye mbuga unakutana na mfinyanzi mweusi, ambao mvua za Desemba hadi Aprili zikishaulowesha unajiviringisha kwenye tairi pamoja na nyasi na majani makavu. Udongo wa kwanza unataka madigadi ndefu, wa pili unataka nafasi. Anayepita kote kuwili aipe nafasi kipaumbele: shati lenye tope linafulika, lakini gurudumu la mbele likigoma kwenye mteremko mtu anapitiliza juu ya usukani.

Namba moja: plastiki ya kwenye foku mbele, ya bomba la kiti nyuma

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa mtu anayeendesha nje ya lami. Ya mbele ni plastiki iliyopinda, inayofungwa kwenye daraja la foku (kile kipande kinachounganisha miguu miwili juu ya tairi) kwa vifungio vya plastiki kama vya mafundi umeme. Foku yenye shokapu ikizama, madigadi hii inashuka na kupanda pamoja na gurudumu, kwa hiyo nafasi haibadiliki. Zile zinazofungwa juu zaidi, chini ya shingo ya usukani, hazina sifa hiyo. Shokapu ikizama milimita 100, tairi linapanda milimita 100 kuelekea madigadi. Ukiinyanyua ili isiguswe, tope linapita chini yake na kukufikia usoni.

Urefu nao usiuchukulie poa. Gurudumu linapozunguka, upande wake wa nyuma ndio unaopanda, na huko ndiko tope linakochomoka kwenda juu na mbele, kisha wewe unalifuata kwa kasi yako. Kwa hiyo mkia wa madigadi nyuma ya foku una kazi kubwa kuliko ncha ya mbele. Tafuta yenye sentimita 20 au zaidi nyuma ya daraja na 10 hadi 15 mbele yake. Vile vifupi vya sentimita 25 kwa jumla vinalinda sili za shokapu na macho kidogo, basi. Ukishafunga, kandamiza foku kwa uzito wako wote huku unageuza usukani kushoto na kulia, uone kama mkia unagonga boriti ya chini ya fremu. Ukigonga, punguza kwa mkasi.

Ya nyuma ifungwe kwenye bomba la kiti na ifike mbali. Kipimo chake ni rahisi: ning'iniza uzi wenye nati kutoka ncha ya madigadi. Uzi uanguke usawa wa ukingo wa nyuma wa tairi au uupite. Ukianguka ndani ya gurudumu, mgongo utapigwa mstari wa tope hadi kolani. Ubovu wa aina hii ni kuyumba: mkanda unateleza kwenye bomba, madigadi inageuka pembeni, na kwenye barabara ya matuta inaanza kulisugua tairi. Zungushia bomba kipande cha tyubu kuukuu kabla ya kukaza mkanda, na ukiwa dukani ishike ncha uitikise. Ikicheza kwenye maungio ikiwa mpya, baada ya wiki ya makorongo itakuwa imekatika.

Wanaoagiza kutoka nje wataziona za SKS ya Ujerumani, Zéfal ya Ufaransa na Mudhugger ya Uingereza. Angalia zimeandikwa ni za saizi gani ya gurudumu: 26, 27.5 na 29 haziingiliani vizuri.

Mwenye keria asinunue ya nyuma. Bamba la plastiki lililofungwa chini ya keria linafanya kazi hiyo hiyo, tena haliyumbi.

Namba mbili: dumu la lita 20

Kwa gurudumu la mbele, dumu linaikaribia kabisa ile ya dukani, na mwenye bajeti ndogo tunamshauri anunue ya nyuma peke yake. Chagua dumu ambalo halijapigwa jua muda mrefu. Kunja kona yake: ikifanya mstari mweupe na kupasuka, achana nalo.

Kata kipande cha sentimita 35 kwa 20 kutoka ubavu ulio bapa. Sehemu itakayokaa kati ya miguu ya foku ipe kiuno, yaani ikate iwe nyembamba, huku ukiacha masikio mawili ya kukunjia juu kwenye miguu hiyo. Toboa matundu kwa msumari uliopashwa moto, sentimita moja kutoka ukingoni. Ukitoboa karibu zaidi, plastiki itachanika. Vifungio vinne vinatosha, viwili kwenye daraja na kimoja kila mguu. Chukua vya urefu wa milimita 250 au 300, maana vifupi havizunguki mguu wa shokapu. Bandika utepe wa umeme kwanza pale vitakapopita, kwa sababu mchanga ukiingia chini ya kifungio unakwangua rangi kama msasa. Kama baiskeli ina breki za raba, pitisha madigadi chini ya waya wa breki na uhakikishe mikono ya breki inajifunga na kujiachia bila kuigusa.

Haijashika namba moja kwa sababu haina mpindo wa kudumu. Kwenye joto inalegea, na kwenye kasi ncha yake inapigapiga.

Namba tatu: ndefu ya chuma au plastiki yenye miguu

Kwa Mtwara mjini, Mikindani na lami hakuna inayoifikia, maana inafunika tairi karibu nusu nzima. Kwenye mfinyanzi ni mtego. Tope linajaa ndani, na kijiti kikinaswa kati ya tairi na madigadi ya mbele, miguu yake inajikunja na gurudumu linasimama ghafla. Za baiskeli kubwa za 28 kama Phoenix usijaribu kuzibana kwenye 26: mpindo si wake, na ni nyembamba kwa tairi la mauntini. Karibu na bahari chuma huanza kuoza kwenye mkunjo wa ukingo wa ndani, mahali usipopaona, hivyo pakaa grisi humo. Bolti zake kwa kawaida ni za milimita 5, spana namba 8. Weka nati zenye nailoni ndani, la sivyo mtikisiko utazifungua.

Zinazobaki

Ngao ya plastiki ya boriti ya chini inasaidia miguu na sahani ya mbele (ile yenye meno inayovuta mnyororo), lakini iwe nyongeza tu. Kile kiplastiki kinachochomekwa chini ya siti tunakiweka mwisho: kinaokoa makalio kidogo, mgongo hakiugusi, na mfinyanzi ukikilemea kinajikunja.

Yoyote utakayoifunga, ikwangue kwa kijiti tope likiwa bado bichi, hasa upande wa ndani juu ya tairi. Mfinyanzi ukikaukia humo, zile milimita 20 ulizozipima zinabaki tano, na safari inayofuata unaanza na gurudumu zito.